Kitanda Hulipwa na Bima, Dawa za Moyo Je?

Nilikuwa na makala nyingine tayari kwa wiki hii, lakini ujumbe wa msomaji mmoja umenilazimu niiweke kando. Baba yake aligunduliwa kuwa na tatizo la moyo kushindwa kusukuma damu inavyotakiwa. Alilazwa, akatibiwa, akaruhusiwa, na bima ikalipa bila maswali. Muda si mrefu baadaye, kwenye dirisha la dawa, familia ikaambiwa kwamba fungu la matibabu ya nje, yaani ya mgonjwa asiyelazwa, limekwisha. "Kaka," aliniuliza, "inawezekanaje bima ilipe kitanda cha gharama kubwa namna ile, halafu ishindwe kulipa vidonge?"

Swali hilo nimeishi nalo kwa karibu muongo mzima, kwa sababu ugonjwa huo ninao mimi mwenyewe. Nilipogunduliwa, moyo wangu ulikuwa ukisukuma chini ya asilimia 30 ya damu iliyomo katika chemba ya kushoto kila unapopiga, ilhali moyo wenye afya husukuma zaidi ya nusu. Leo umevuka asilimia 45, na sioni haya kujivunia hilo, maana limetokana na kumeza dawa kila siku, ikiwemo ile miezi ambayo kadi ilikataa na nikalazimika kulipa mfukoni. Katika miezi hiyo ndipo shemeji yangu aliponiambia mbele ya wageni, "Wewe una bima, unalalamikia nini?" Sikumjibu siku ile. Nadhani ninamjibu sasa.

Bima nyingi ziliandikwa kwa ajili ya ugonjwa huu jinsi ulivyokuwa zamani, wakati gharama kubwa ilikuwa kulazwa na kulazwa tena. Dawa zenyewe zilikuwa chache na baada ya muda zikawa za bei nafuu: enalaprili, iliyothibitika kupunguza vifo kwa wagonjwa mahututi wa moyo mwaka 1987, kisha spironolaktoni na vidonge vya kupunguza kasi ya mapigo kama bisoprololi, ambavyo tafiti zake kubwa zilitoka mwaka 1999. Mwaka 2014 ukaja ushahidi wa mchanganyiko wa sakubitrili na valsartani, na mwaka 2019 dapagliflozini, dawa iliyoanzia kwenye kisukari, ikaonyesha kwamba inausaidia moyo hata kwa asiye na kisukari. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2021 na ya Marekani ya mwaka 2022 ikapendekeza makundi manne ya dawa yatumike kwa pamoja kwa wagonjwa ambao moyo wao unasukuma asilimia 40 au chini ya hapo. Makundi mawili kati ya hayo yalikuwa na dawa mpya, zenye hataza, yaani haki ya kampuni moja pekee kuzitengeneza, na bei ya hataza.

Matokeo yake ni kwamba mgonjwa anayetibiwa vizuri hulazwa mara chache zaidi, na hapo kampuni ya bima huokoa fedha. Lakini dawa zinazomwepusha na kitanda hulipiwa kutoka fungu la matibabu ya nje, ambalo aghalabu ni dogo sana likilinganishwa na la kulazwa. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuwa na kinga kubwa kwa ajili ya kuzidiwa, na kinga ndogo kwa ajili ya kutozidiwa. Samahani kwa ukali, lakini mpango wa namna hiyo umepangwa na mtu ambaye hajawahi kuamka usiku akihema kama aliyezama majini.

Gharama hiyo pia haikai mahali pamoja. Mwaka wa kugunduliwa ndio mzito kuliko ile inayofuata, hata baada ya kuruhusiwa, kwa kuwa dozi huongezwa hatua kwa hatua, na kila hatua hudai miadi pamoja na kipimo cha damu cha kuangalia figo na potasiamu. Wala usiikwepe miadi hiyo ili kubana matumizi: utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kuongeza dozi haraka baada ya kuruhusiwa, kwa ufuatiliaji wa karibu, hupunguza uwezekano wa kufa au kulazwa tena. Ukishafika kwenye dozi yako, mambo hutulia. Sina mengi ya kusimulia kuhusu miaka hiyo ya utulivu. Nilikuwa nikimeza dawa na kufanya kazi.

Bei nazo hubadilika. Mwaka 2025 dawa mfano za sakubitrili na valsartani, yaani nakala za bei nafuu kutoka kampuni nyingine, ziliingia sokoni Marekani, na mwaka huohuo sheria ya nchi hiyo ikaweka kikomo cha dola 2,000 kwa kiasi ambacho mwanachama wa bima ya dawa ya Medicare, mpango wa serikali hasa kwa wazee, hulipa mwenyewe kwa mwaka. Mahali pengine kanuni ni nyingine, lakini jambo la kuuliza ni lilelile: je, unachangia kwa asilimia au kwa kiasi maalumu kila unapochukua dawa? Anayechangia asilimia hunufaika bei inaposhuka, hivyo amwombe daktari aandike jina la dawa yenyewe badala ya jina la kiwandani. Anayelipa kiasi maalumu aombe dawa za miezi mitatu kwa pamoja, ikiwa mpango wake unaruhusu.

Someni mikataba yenu, ndugu zangu. Someni ukurasa wa matibabu ya nje kabla ya ule wa kulazwa wenye tarakimu za kupendeza. Ulizeni kama kuna fungu la magonjwa sugu na jinsi ya kusajiliwa humo. Fedha zikipungua, msiamue wenyewe kidonge gani kiachwe. Mwambieni daktari ukweli, kwa sababu dawa za zamani bado zinafanya kazi na anaweza kupanga upya kwa gharama mnayoimudu. Jipimeni uzito kila asubuhi. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, pigeni simu kliniki, kwa kuwa kurekebishiwa dozi ya dawa ya kukojoza maji ni nafuu mno kuliko kulazwa. Na acheni kujinunulia ibuprofeni na diklofenaki kwa ajili ya maumivu ya mgongo, kwani huufanya mwili uzuie chumvi na maji.

Nikurudie wewe uliyeandika. Dawa ya baba inaweza kuombewa kibali maalumu. Ofisi moja ya bima iliwahi kunikatalia dawa kwa maelezo kwamba ipo ya bei nafuu zaidi, nikaondoka nimeudhika kiasi kwamba mpaka leo sipendi kupita mtaa ule. Uamuzi ulibadilika pale daktari wangu alipoandika barua iliyotaja asilimia ya usukumaji wa damu, tarehe niliyolazwa, dawa nilizokwisha kutumia na sababu ya kuzibadilisha. Mwombe daktari wa baba barua yenye mambo hayo manne, ambatanisha majibu ya kipimo cha moyo na muhtasari wa kuruhusiwa, kisha idai ofisi ikupe nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Wakikataa, dai sababu kwa maandishi, kwa kuwa rufaa hujengwa juu ya maandishi hayo.