Tuhesabu dakika za bibi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Tunaishi shambani, mbali na barabara kubwa. Mvua ikizidi, njia hukatika na mtandao wa simu hupotea. Tuko sita: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe anayetembelea fimbo. Mume wangu anataka tusubiri tupate hela tununue vifaa vyote vya kujiandaa kwa mafuriko kwa mkupuo. Mimi naogopa kusubiri. Tuanzie wapi? – Mama wa Watatu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msisubiri. Anzeni leo usiku, bila kununua kitu. Zimeni taa zote, kisha mtoke nje nyote sita mpaka mahali pa juu mnapopategemea. Mtajua papo hapo kinachowapungukia.

Usiku maji yalipoingia kwangu, tochi tulikuwa nayo. Ilikuwa kabatini, chini ya mashuka. Nikiwa naipapasa, mwanangu wa pili alishuka kitandani pekupeku akakanyaga chupa iliyovunjika. Maji hayajafika hata magotini, na tayari tuna majeruhi wa kubeba. Siku hizi kila kitanda kwangu kina viatu vya kufunika vidole, vimefungwa kwa kamba kwenye tendegu, na tochi inaning'inia msumarini karibu na mlango. Kila mwisho wa mwezi naiwasha kuikagua.

Sasa mama mkwe. Huyo ndiye kipimo cha mpango wenu wote. Hesabuni dakika anazotumia kutoka kitandani hadi huko juu. Zikiwa 30, basi lazima muondoke mapema kiasi hicho, njia ingali kavu. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, sembuse yeye na fimbo yake. Mchagueni mtu mmoja wa kumshika mkono, ajulikane kwa jina. Mkisema "sote tutamsaidia", kila mmoja atadhani mwenzake yuko naye. Na muulizeni yeye mwenyewe. Wazee wanajua maji hupita wapi.

Kisha maji ya kunywa. Kadirieni lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na matumizi madogo. Kwa watu sita, siku tatu, ni lita 72: madumu manne ya lita 20 yanatosha na kubaki. Yaoshwe vizuri, yafunikwe, yakae kivulini, maji yabadilishwe kila miezi sita. Mkilazimika kuchota kwingine, chujeni kwa kitambaa safi kisha mchemshe mpaka yatokote kabisa.

Chakula cha akiba mnakijua kuliko mimi. Ongezeni tu kile kisichohitaji moto. Na nakusihi, hata mvua ikinyesha vipi, msiingize jiko la mkaa chumba cha kulala. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu usingizini.

Vyeti, dawa za bibi na namba ya ndugu mmoja aishiye mbali, iliyoandikwa kwenye karatasi, vitieni kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Mtandao ukiwa dhaifu, tumeni ujumbe mfupi. Mara nyingi hupenya pale simu inapokataa.

Mkishahesabu dakika za bibi, niandikie ni ngapi. Tutaendelea kuanzia hapo.