Viungo vilitulia, mishipa ya damu ikaanza

Dada wa Nakuru, umeuliza kama madoa meusi kando ya kucha za mama yako, mwenye baridi yabisi mwaka wa 12 sasa, ni fangasi, maana krimu uliyouziwa haisaidii. Mimi si daktari, ni fundi cherehani hapa Kibuye, Kisumu. Ila mimi pia nina baridi yabisi, na madoa hayo nilikuwa nayo: madogo kama punje ya mtama, hayawashi, hayaumi.

Kilichonidanganya ni viungo. Vidole vilishapinda zamani, lakini ule ukakamavu wa asubuhi ulikuwa umeisha, nikajiona nimepona, dawa nikawa nameza nikikumbuka. Kisha kidonda kikatokea juu ya kifundo cha mguu. Zahanati moja (siitaji) walinipima sukari mara nne. Sukari hakuna, wananifunga bendeji, narudi kazini.

Cherehani ndiyo iliyonishtua. Asubuhi moja nakanyaga pedali, mguu wa kulia unasukuma vizuri, kurudi vidole havipandi. Njiani patipati inachomoka, sina habari, naitwa na mama muuza omena: "Fundi, kiatu!"

Daktari wa baridi yabisi alinieleza kwamba kinga ya mwili ile ile inayoshambulia viungo inaweza kugeukia kuta za mishipa midogo ya damu. Ukuta unavimba, njia inaziba. Ngozi ikikosa damu inatoa doa au kidonda. Neva ikikosa, mguu unalala. Huwapata zaidi waliokaa na ugonjwa miaka 10 na kuendelea, wenye vinundu viwikoni, na wavuta sigara. Mimi huyo, kote kote.

Walikata kipande cha ngozi kikapimwe, nikaanzishiwa prednisoloni (dawa ya steroidi) ya kiwango cha juu na dripu za saiklofosfamidi, dawa kali ya kutuliza kinga ya mwili. Prednisoloni inavimbisha uso na kupandisha sukari, lakini mama akipewa, asiikatize ghafla hata kidogo. Kidonda kilifunga baada ya miezi mitano. Mguu umerudi nusu, nimefunga mota kwenye cherehani.

Madoa ya kucha peke yake si lazima yawe hatari, ila daktari wake ayaone. Na leo hii muulize mama: miguu au mikono ina ganzi? Anajikwaa? Mvue soksi uangalie mwenyewe kama vifundo vina kidonda. Ukikuta dalili mojawapo, usingoje kliniki ya mwezi ujao, mpeleke kesho asubuhi.