Usitupe vifaa vya mwalimu wako

Pole kwa msiba. Nimekuelewa: marehemu mwalimu wako wa mazingaombwe amekuachia pete za chuma, sanduku lenye picha za majoka, joho la "Kichina" na bunduki ya mchezo wa kujifanya unadaka risasi. Watazamaji wanaguna, nawe hutaki kumvunjia heshima.

Tenganisha mchezo na chombo. Pete bado zina nguvu sana: sogea karibu na watu, mpe mmoja aishike, aone uzito wake na asikie mlio wake kabla haijaingia kwenye nyenzake. Sanduku ndilo linalojishtaki, maana mtu akiliona tu anajua lina siri. Tumia kasha la kawaida, lile lihifadhi, na tafadhali usilipake rangi upya.

Joho liache. Chung Ling Soo, mwanamazingaombwe wa zamani, alikuwa Mmarekani, William Robinson, aliyejifanya Mchina. Leo hilo linaumiza watu. Huyohuyo alipigwa risasi jukwaani London mwaka 1918 akicheza mchezo huo wa kudaka risasi, kwa sababu bunduki yake ilikuwa imechakaa ndani. Kwa hiyo yako usiijaribu hata kidogo, wala usiifungue. Waulize polisi namna ya kuikabidhi kwa fundi silaha mwenye leseni.