Mshipa wa mzee umefura: apasuliwe tumbo au apitishiwe waya kinenani?

SWALI: Assalaam alaykum, daktari. Baba yangu ana miaka 72. Alikuwa mpakuzi wa meli Kilindini mpaka alipostaafu, na amevuta sigara tangu ujana. Mwezi jana alipigwa ultrasaundi kwa sababu ya tezi dume, wakaona mshipa mkuu wa damu tumboni umefura hadi sentimita 5.8. Yeye hasikii maumivu yoyote. Tumeambiwa kuna upasuaji wa kufungua tumbo, na kuna ule wa kisasa wa kupitisha waya kinenani. Ndugu zangu wanataka wa kisasa, hata ikibidi tuuze kiwanja apelekwe India. Utafiti wasemaje? Na akishafanyiwa, ndiyo atakuwa amepona kabisa?
Binti yake, Likoni

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Mpe mzee pole zangu. Naanza na swali lako la mwisho kwa kuwa familia nyingi hulisahau, na ndilo linaloamua mengine yote. Akifunguliwa tumbo na kushonwa vizuri, kwa kawaida kazi imekwisha. Akipitishiwa waya, kazi ya siku hiyo imekwisha, lakini mshipa wake utahitaji kuchunguzwa maisha yake yote.

Mshipa huo twauita aota, na pale tumboni upana wake wa kawaida ni kama sentimita 2. Ukifika 3 twasema ni aneurizimu. Umeona mpira wa baiskeli uliochakaa ukitoa kitumbo upande mmoja? Kitumbo kikikua, ukuta wake hukonda. Kwa wanaume tunaingilia kati ukifika 5.5, kwa sababu tafiti zilizoanza miaka ya 1990 Uingereza na Marekani zilionyesha kwamba kupasua kabla ya hapo hakumwongezei mgonjwa uhai. Mzee ameshavuka. Kutosikia maumivu ndiyo kawaida ya ugonjwa huu, kwa hivyo isiwafanye mkalegea.

Kwa njia ya zamani, aota hubanwa kwa koleo juu na chini, hufunguliwa, kisha bomba la poliesta hushonwa ndani yake. Ni kazi nzuri na imara, ila moyo hupata taabu mshipa unapobanwa na unapoachiwa, na mgonjwa hulala hospitali wiki moja au zaidi. Njia ya waya aliianzisha kwa aneurizimu za tumboni daktari Juan Parodi, Buenos Aires, mwaka 1990. Bomba la kitambaa lenye mbavu za chuma hukunjwa ndani ya mrija mnene kama kalamu, likaingizwa kwenye mshipa wa kinena na kusukumwa juu huku tukilitazama kwa eksirei. Likifika chini kidogo ya mishipa ya figo, twalifungua. Linajibana lenyewe ukutani, na damu inapita ndani yake badala ya kuusukuma ule mfuko uliofura. Mara nyingi mgonjwa anarudi nyumbani baada ya siku mbili tatu.

Sasa utafiti. Ule ninaoutegemea zaidi ni wa Uingereza, uitwao EVAR-1, uliosajili wagonjwa kati ya 1999 na 2004. Wote walifaa kwa njia zote mbili, na kura ndiyo iliyoamua nani apate ipi. Katika siku 30 za mwanzo walifariki asilimia 1.7 ya waliopitishiwa waya, na asilimia 4.7 ya waliofunguliwa tumbo. Hiyo ni tofauti kubwa, na ndugu zako wana haki ya kuipenda. Lakini watafiti hawakuishia hapo. Waliwafuatilia wagonjwa wale kwa takriban miaka 15, na matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba faida ile ya mwanzo iliyeyuka, na baada ya miaka 8 mambo yaligeuka: waliopitishiwa waya ndio waliokuwa wakifa zaidi, hasa kwa sababu mfuko wa zamani ulipasuka baadaye.

Unapasukaje ilhali umezibwa? Bomba hili halikushonwa, limejibana tu. Shingo ya mshipa, pale bomba liliposhika juu ya uvimbe, ikitanuka na miaka, bomba huteleza, au damu hupenya kando yake ikaanza tena kuujaza mfuko. Twaita endoliki. Mgonjwa haisikii. Huonekana kwenye kipimo tu, na ikionekana mapema mara nyingi hurekebishwa kwa waya vilevile.

Nilimpokea mzee mmoja aliyefanyiwa kazi hii nje ya nchi. Alikuwa na bahasha ya kaki yenye barua ya kuruhusiwa kutoka hospitali, basi. Miaka minne hakuna aliyempima, naye aliamini amepona. Alikuja kwa maumivu ya mgongo. Kwenye skani bomba lilikuwa limeshuka zaidi ya sentimita moja na mfuko umekuwa mkubwa kuliko siku ya kwanza. Tulimwahi, alhamdulillahi. Lakini sijasahau alivyoishika ile bahasha kwa mikono miwili, kana kwamba ndiyo cheti cha uzima.

Kwa hivyo msiuze kiwanja bado. Kwanza afanyiwe skani ya CT yenye dawa ya rangi, baada ya kupimwa figo, kwa sababu dawa hiyo huzisumbua. Mimi skani hiyo huitazama milimita kwa milimita, na ninachotafuta ni shingo: kile kipande kizima kati ya mishipa ya figo na uvimbe. Ikiwa na urefu wa milimita 15 na imenyooka, waya unafaa. Ikiwa fupi au imepinda sana, bomba la kawaida halitashika, na hapo afadhali tumbo lifunguliwe kama moyo na mapafu vinaruhusu. Kwa mzee wa miaka 72 mwenye shingo nzuri na mapafu yaliyochoshwa na sigara, mimi ningeelekea kwenye waya. Ila kwa sharti: apimwe baada ya mwezi mmoja, kisha mwaka, na kuendelea. Kama hakuna mtu wa kumpeleka kila mwaka, semeni sasa, kabla daktari hajachagua. Na muulize kwanza Nairobi na hapa Mombasa nani anaifanya kazi hii mara kwa mara, na SHA, bima ya afya ya serikali, italipia nini.

Sigara aache leo, na presha idhibitiwe. Wewe na ndugu zako mliovuka miaka 50 mpigwe ultrasaundi ya tumbo, maana ugonjwa huu hufuata ukoo. Msikae miezi, wiki hizi hizi aonane na daktari wa mishipa.

Na iwapo kabla ya hapo atapata maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo, au azimie, msingoje asubuhi. Kubalianeni leo ni gari la nani, ni hospitali gani yenye daktari wa upasuaji usiku, na kama feri ina foleni mtazungukia barabara ya Dongo Kundu.