Boksi la risasi halitaiokoa leza yako

Swali: Leza yetu ya semikondakta ya nanomita 850, inayopeleka data kutoka chumba chenye jenereta ya nyutroni za MeV 14 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe), inazidi kufifia. Nahisi vioo vyake vimeharibika. Je, nikiifunga kwenye boksi la madini ya risasi itasalimika?

Jibu: Vioo usivisingizie. Katika leza za data za aina hii, kwa kawaida kioo ni tabaka nyembamba za galiamu aseniki iliyochanganywa na alumini, zenye alumini kidogo na zenye alumini nyingi, zilizopangwa kwa kupokezana, na uakisi wake hutegemea unene wa tabaka na tofauti ya jinsi zinavyopinda mwanga. Hayo hubadilika kidogo sana hadi sehemu inayozalisha mwanga inapokuwa imekwisha kudhurika. Nyutroni huigonga atomu na kuing'oa mahali pake, na penye kasoro hiyo elektroni huungana na matundu (nafasi zilizokosa elektroni) bila kutoa fotoni, yaani chembe za mwanga, hivyo leza hudai mkondo mkubwa zaidi ili iwake. Kuongeza mkondo huponya baadhi ya kasoro, si zote.

Ushauri wa risasi nausikia mara kwa mara, na hutolewa na watu waliojifunza kinga katika chumba cha eksirei wakadhani mionzi yote ni ya ukoo mmoja. Nyutroni haina chaji, kwa hiyo wingi wa elektroni unaoifanya risasi izuie gama hauihusu. Ikidunda tu kwenye kiini cha risasi, hupoteza asilimia 2 ya nishati yake kwa wingi, ilhali kiini cha haidrojeni kinaweza kuinyang'anya yote. Tena nyutroni moja ya MeV 14 ikiingia kwenye risasi inaweza kuzitoa mbili. Tumia polithini nene, ambayo imejaa haidrojeni, yenye boroni ya kumeza nyutroni zilizopungua kasi, na uisogeze leza mbali na jenereta kadiri chumba kinavyoruhusu.

Wabaya zaidi ni wauzaji wanaobandika maneno “inastahimili mionzi” kwa kutegemea cheti cha jaribio la gama kilichoandikwa kwa grei. Grei hupima nishati iliyofyonzwa, na haikwambii ni atomu ngapi zimeng'olewa. Huko CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, ambako leza za jamii hii hupeleka data za vitambuzi, madhara ya namna hii hukadiriwa kwa idadi ya nyutroni kwa kila sentimita ya mraba, zikilinganishwa na nyutroni za MeV 1. Cheti kisichokuwa na tarakimu hiyo usikilipie hata senti, awe amekisaini nani.