Mafundisho ya Kikristo yasimame juu ya nini? Barua kwa binti yangu aliye Lubumbashi

Bukavu, Ibanda

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza, kisha nikamwekea mama yako naye akausikiliza. Unasema kwamba katika kikundi cha sala mnachokwenda na mume wako kule Katuba, mtumishi alikuwekea mikono akakusomea Yeremia 29:11, kwamba Mungu anakuwazia mawazo ya amani, kisha akatamka kwamba kabla ya miezi mitatu kwisha mume wako atapata kazi mgodini. Jirani yako wa parokia akakukataza kurudi kule, eti wale wana Biblia tu, Kanisa hawana. Mtumishi naye alipopata habari akajibu kwamba sisi tuna Kanisa tu, Biblia hatuijui. Ndipo unaniuliza: "Baba, kila mtu ananiletea mstari wake. Mafundisho ya Kikristo yanasimama juu ya nini, na nitamjuaje anayefasiri sawasawa?"

Jambo hili si la kujibu kwa sauti ya dakika mbili. Nimeandika kwenye karatasi, mdogo wako atapiga picha akutumie kwa WhatsApp. Mwandiko wangu unaujua, vumilia.

Nianze na mstari uliopewa. Fungua Biblia yako, lakini usiende moja kwa moja kwenye ule wa 11. Rudi nyuma hadi sura ya 28. Mwaka 597 kabla ya Kristu, Wababeli walikuwa wamekwisha kumchukua mfalme Yekonia mateka pamoja na wakubwa wa Yerusalemu na vyombo vya hekalu. Watu waliobaki walitaka kujua kitu kimoja tu: haya yataisha lini? Akasimama nabii Hanania hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, akasema: Bwana asema hivi, miaka miwili, na vyombo vitarudi, na mfalme atarudi. Angalia vizuri hapo. Yuko mahali patakatifu, anatumia maneno yaleyale anayotumia Yeremia, "Bwana asema hivi", na habari anayoitoa ni njema. Ungekuwa pale ungemtambuaje?

Yeremia hakumtukana. Alisema: Amina, Bwana na afanye hivyo. Hata yeye angependa iwe kweli. Halafu akawakumbusha watu wayalinganishe maneno ya Hanania na yale ambayo manabii wa kale walikuwa wamesema, na kwamba nabii anayetabiri amani hujulikana neno lake linapotimia. Hanania akaichukua ile nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, aliyoivaa kuwa ishara kwamba watawatumikia Wababeli, akaivunja mbele ya watu wote. Sipati shida kufikiria vigelegele siku ile. Yeremia akaenda zake.

Sasa ndipo inakuja sura ya 29, barua ya Yeremia kwa waliohamishwa. Inawaambia nini? Jengeni nyumba mkae. Pandeni bustani mle matunda yake. Oeni, zaeni. Utafuteni amani ya mji ule niliowahamishia, mwuombee. Katika mstari wa 8 anawaonya wasidanganywe na manabii walio katikati yao. Katika mstari wa 10 anataja muda: miaka 70. Wengi waliosomewa barua ile wangezikwa Babeli. Hao ndio walioambiwa mstari wa 11. Mtu akiung'oa mstari huo mahali pake akaubandika kwenye miezi mitatu ya mgodi, amemrudisha Hanania na kumvika kanzu ya Yeremia.

Hii sura tuliisoma katika shirika letu, jumuiya yetu ndogo ya Kikristo. Unajua tunavyofanya: mmoja anasoma polepole, tunanyamaza, mwingine anarudia, halafu kila mtu anataja neno lililomgusa. Kuna mama mmoja aliyekimbia vita kutoka upande wa Goma, anapanga chumba kwa jirani zetu. Hasemi sana. Siku ile akauliza: "Kwa hiyo Mungu aliwaambia wakimbizi wapande mboga?" Watu wakacheka kidogo, yeye hakucheka. Akasema yeye kila mchungaji anayemwombea anamwambia ataondoka hapa kesho, kwa hiyo hajawahi kupanda hata lengalenga pale nyuma ya nyumba. Padri mwenye shahada za Roma asingenifundisha sura ile kama alivyonifundisha mama yule. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa hapa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996, alikuwa akisema kuna mambo ambayo huonekana vizuri kwa macho yaliyolia tu. Ukitaka kujua Biblia isomewe wapi, nitakuambia: mahali ambapo macho kama hayo yapo, nayo yanaruhusiwa kusema.

Sina maana kwamba mstari wa 11 si wako. Ni wako, maana Mungu aliyetimiza neno lake kwa wale wa Babeli ndiye huyuhuyu. Lakini utaupokea pamoja na miaka yake 70 na bustani zake, hutaupokea ukiwa umekatwa kama kipande cha kitenge.

Sasa msingi. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba msingi umekwisha kuwekwa, nao ni Yezu Kristu, hakuna awezaye kuweka mwingine, na kila mtu aangalie jinsi anavyojenga juu yake. Iko sura ya 3. Watu wengi wanaukariri mstari huo, wachache wanakumbuka ugomvi ulioufanya uandikwe. Wakristo wa Korintho walikuwa wamegawanyika, huyu akisema mimi ni wa Paulo, yule mimi ni wa Apolo. Walishikamana na wahubiri. Paulo angeweza kujipendekeza, maana kundi lake lilikuwepo. Badala yake anauliza: Apolo ni nani? Paulo ni nani? Ni watumishi tu. Kwa hiyo mtumishi yeyote ambaye mafundisho yake hayawezi kusimama yeye asipokuwepo, awe wa Katuba au wa parokia yetu, huyo amejiweka pasipo pake.

Kuhusu lile la jirani yako na mtumishi, Biblia tu au Kanisa tu, naona wote wawili wamechukua nusu. Paulo alipowaandikia Wathesalonike, kama mwaka 50 hivi, hapakuwa na Agano Jipya mkononi mwa mtu. Palikuwa na maandiko ya Wayahudi, na ushuhuda wa mitume, na watu waliokutana kuumega mkate. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya, kama tulivyo navyo wewe na mimi na mtumishi wako, tunaikuta imeandikwa kamili katika barua ya Atanasi, askofu wa Aleksandria, Mwafrika, mwaka 367. Anayeshika Biblia peke yake ameshika kitu alichokabidhiwa na Kanisa. Hilo jirani yako amwambie mtumishi, lakini kwa upole. Na huko huko Aleksandria, Ario aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa alikuwa na mistari yake pia, Methali 8:22 ukitaka kuiona. Maaskofu walipokutana Nisea mwaka 325 hawakumshinda kwa kuwa na mistari mingi kuliko yeye. Waliuliza imani waliyoipokea, ile ambayo watu walibatiziwa, inasema nini juu ya Kristu. Ndiyo maana Jumapili tunasimama na kusema Nasadiki, ile kanuni ya imani.

Lakini mtumishi naye ana haki kutushtaki. Wazee wetu wengi walijua katekisimu kwa kichwa na Biblia hawakuifungua. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika hati ya tarehe 18 Novemba 1965 juu ya ufunuo, unasema wazi kwamba mamlaka ya kufundisha katika Kanisa haiko juu ya Neno la Mungu, bali inalitumikia. Hata askofu yuko chini yake. Nimewafundisha wakatekumeni, wanaojiandaa kubatizwa, jambo hilo, na kila mara kuna mmoja anayenitazama kana kwamba nimebadili dini.

Uligusia pia habari ya mbegu, yaani sadaka mnayoambiwa mtoe ili Mungu awarudishie zaidi, na Malaki 3:10 juu ya kuleta fungu la kumi. Fupi tu: soma mstari wa 5 wa sura hiyohiyo, Mungu anapowashtaki wanaodhulumu mshahara wa kibarua, mjane, yatima na mgeni. Kisha soma Kumbukumbu la Sheria 14, mwishoni, uone kila mwaka wa tatu fungu la kumi lilikuwa la kumlisha nani. Ukimaliza, jiulize sadaka ya kikundi chenu inamlisha nani. Agostino wa Hipo, huko tunakoita leo Aljeria, alifundisha kwamba anayedhani ameelewa Maandiko, na uelewa wake haumjengi katika kumpenda Mungu na jirani, bado hajayaelewa. Mimi sijapata kipimo kinachokishinda hicho, nacho mfukoni mwa mtu huonekana upesi.

Usimwaibishe mtumishi mbele ya watu. Pengine ni mtu mwema aliyefundishwa vibaya. Mwombe tu, siku ya kikundi, msome Yeremia 28 na 29 nzima, bila kuruka, na kila mmoja aulize anachotaka. Akikubali, kaa, sikiliza, unaweza kupata mengi kule. Akisema Roho hahitaji sura nzima, au kwamba kuuliza ni kukosa imani, chukua mkoba wako urudi nyumbani. Na mume wako aendelee kupeleka barua zake za kazi, wala asiache kibarua cha sasa kwa kungoja ile miezi mitatu.

Lile swali la pili, kuhusu wanawake kunyamaza kanisani, nimelikwepa kwa makusudi, karatasi imekwisha. Mama yako anasema ana jibu lake, tena si fupi. Atakupigia Jumamosi, weka betri.

Baba yako