Tazama baiti kabla ya kugusa mstari wa kwanza wa XML

Ndugu, usihifadhi hilo faili! Faili lako la XML lina majina ya wanachama wa sako (chama cha akiba na mikopo) yenu, na umeuliza kwa nini ukishayapitisha kwenye XSLT, lugha ya kugeuza XML kuwa ukurasa, brauza inaonyesha MÅ©rangâ€™a badala ya Mũrang’a. Aliyekujibu hapo juu anasema uandike encoding="windows-1252" kwenye mstari wa kwanza, yaani utaje usimbaji (jinsi herufi zinavyogeuzwa kuwa baiti, namba ambazo kompyuta huhifadhi) wa zamani wa Windows. Ushauri huohuo uliniharibia rekodi, na hadi leo unanichoma: mtu anagawa dawa bila kumwona mgonjwa.

Mstari ule haubadilishi hata baiti moja. Unaieleza tu programu izisome vipi baiti zilizomo. Katika UTF-8, usimbaji unaobeba herufi zote, ũ ni baiti mbili, C5 A9. Ukidanganya kwamba ni windows-1252, zinasomwa kama herufi mbili, Å na ©, na faili likiandikwa upya kwa UTF-8 zinakuwa nne: C3 85 C2 A9. Rudia kosa hilo, zinafika 9. Hapo bado unaweza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, kwa amri ya kugeuza usimbaji, iconv -f UTF-8 -t WINDOWS-1252. Lakini jina lenye ũ yenyewe likipita mahali panapolazimisha ISO-8859-1, usimbaji mwingine wa zamani, ũ haimo kabisa, inawekwa alama ya kuuliza. Ukishaona M?rang?a, herufi imekwenda. Itabidi mwenye jina aulizwe upya, mmoja mmoja.

Kwa hivyo kwanza nakili faili, kisha endesha xxd -g1 orodha.xml | less, ikuonyeshe baiti zenyewe. Ukikuta 4d c5 a9, yaani M na ũ, faili ni zima na ugonjwa uko mbele, kwenye hatua zinazofuata. Mara nyingi ni seva: kichwa cha Content-Type inachotuma pamoja na ukurasa kikitaja charset (usimbaji) nyingine, brauza inakifuata hicho na kuipuuza lebo ya meta uliyoandika ndani ya ukurasa. Kiandike text/html; charset=UTF-8. Kama unatumia Java ya kabla ya 18, kagua pia getBytes(), inayogeuza maandishi kuwa baiti, isiyo na kitu ndani ya mabano. Hiyo hufuata usimbaji wa mashine, na kwenye Windows ndipo ũ hufia. Mpe StreamResult, inayopokea matokeo ya XSLT, OutputStream (mkondo wa baiti) moja kwa moja, uache xsl:output encoding="UTF-8" ya kwenye XSLT yako ifanye kazi yake.

Ukikuta 4d c3 85 c2 a9, faili limeshaumia. Usilipitishe popote. Bandika hapa mistari mitano ya xxd tuhesabu limeumia mara ngapi.